Ukuta Tuliouziba Pumzi

Baba Askofu, uliyefunga safari kuja kusimama nasi siku ngumu kama hii. Baba Paroko, mwenyeji wetu. Mheshimiwa Diwani na viongozi mliokaa meza ya mbele. Mzee Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi pamoja na wajumbe wako. Masista, makatekista na wanakwaya. Mwalimu Mkuu wangu na walimu wote. Baba zetu, mama zetu, babu na bibi zetu. Wanafunzi wenzangu mlioniahidi kwamba hamtacheka. Na ninyi mliosimama kando ya uzio kwa sababu viti havikutosha: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Tumsifu Yesu Kristo.

Sauti yangu ni ndogo, na wanaonifahamu shuleni watashangaa kwamba nimekubali kushika kipaza sauti mbele ya umati huu. Mimi ni katibu wa klabu ya historia. Kazi ya katibu ni kuandika wanayosema wengine, na kazi hiyo naipenda kwa sababu hakuna anayekutazama unapoifanya. Lakini kamati ya maandalizi ilitaka mwanafunzi mmoja aeleze ziara ambayo klabu yetu ilifanya katika kanisa hili kabla halijafungwa, na Mwalimu wa historia akanitaja mimi. Nilimwambia, "Mwalimu, mtafute anayejua kuongea." Akanijibu, "Wanaojua kuongea tutawasikia sana siku hiyo. Mimi nataka aliyekuwa akitazama."

Basi nitasema nilichokitazama. Halafu nitaomba jambo moja, kwa ajili ya mtu ambaye leo hayupo hapa. Mtu huyo ni baba yangu. Msigeuke kumtafuta, yuko nyumbani, amekaa kizingitini.

Ndugu zangu, tazameni tulivyokaa. Tumekuja kuliaga kanisa, nasi tumekaa nje yake, chini ya maturubai, kwa sababu wahandisi wamekataza mtu yeyote kuvuka utepe ule mwekundu. Altare imekwisha kutolewa. Kengele imekwisha kushushwa. Benchi nazo zimetolewa, na baadhi yenu mmezikalia sasa hivi. Mkipapasa chini yake mtakuta herufi mlizochonga kwa misumari mkiwa wadogo, na msijifanye hamzifahamu. Kwenye kadi ya mwaliko imeandikwa kwamba tumekuja "kuliaga kanisa letu kongwe". Ni maneno mazuri. Lakini kongwe hili haliendi safari, wala halistaafu. Kesho asubuhi mashine itaingia kwa lango lile, na kufikia jioni tutakuwa tunaona barabara ya pili kutoka hapa tulipokaa, mahali ambapo tangu tuzaliwe hatujawahi kuona kitu isipokuwa ukuta.

Siku ya ziara tulikuja kwa miguu kutoka shuleni, wawili wawili kama Mwalimu alivyotaka, halafu makundi makundi kama tulivyotaka wenyewe. Mlangoni akatusimamisha. Akasema, "Humu wengi wenu mmeingia tangu mkiwa mgongoni mwa mama zenu. Leo ingieni kama watu wasiojua pa kukaa."

Nilibatizwa humo. Nimesinzia humo, nimepigwa kiwiko na mama yangu humo, nimelia humo tulipomzika babu. Lakini siku ile, kwa sababu ya maneno ya Mwalimu, niliingia kama mgeni, nikaona vitu ambavyo macho yangu yalikuwa yameviruka miaka yote. Niliona kizingiti kilivyolika katikati, kama sahani, kwa nyayo za watu. Niliona kwamba kuta zina unene wa mtoto aliyenyoosha mikono yake yote miwili. Niliona vioo vya rangi madirishani, na watakatifu waliomo, ambao wote wana macho ya bluu, hata malaika, hata mwana-kondoo, ingawa yeye kidogo. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani huko juu sisi tunaingilia mlango gani?" Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Katibu, liandike swali hilo."

Kisha tukasoma kibao cha shaba kilichopo kando ya mlango. Kinasema kwamba kanisa hili lilijengwa na padre wa kwanza wa misheni, na mwaka wake umewekwa. Hakisemi kingine. Yule yule mwenzetu akasema, "Peke yake? Basi alikuwa na mikono mingi kuliko pweza." Mwalimu akasema, "Na hilo pia liandike."

Niliandika. Lakini jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari, kwa sababu bibi yangu mzaa baba yupo, amekaa pale na wenzake, na amenisimulia mara nyingi. Mama yake alikuwa msichana mdogo kanisa lilipojengwa. Aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza kubeba: mawe kutoka mtoni, kuni za tanuri la chokaa, maji ya kuchanganyia. Aliyechoka aliambiwa imani yake bado changa. Waliahidiwa kwamba majina yao yameandikwa mbinguni, na bibi akifika hapo katika hadithi yake husema, "Huko kuna nafasi, mjukuu wangu. Kwenye shaba hapakutosha."

Kanisa likaisha, kazi haikuisha. Kila mwaka, mvua zilipokatika, wanawake wa parokia waliitwa kulipaka chokaa upya, ndani na nje, kwa brashi za nyasi. Mama zao walipaka, wakapaka wao, wakapaka binti zao. Mapadre wa kigeni wakaondoka, bendera ikashushwa nyingine ikapandishwa, na wanawake wakaendelea kupaka. Wengi wenu mama zangu mlioko hapa mnaikumbuka kazi ile vizuri kuliko ninavyoweza kuisema. Chokaa inaunguza. Bibi yangu ana vidole viwili ambavyo havikunjuki, na viganja vyake vina mabaka ambayo nilipokuwa mdogo nilidhani kila bibi anayo. Baba yangu alikua akimwona mama yake akirudi kutoka hapa na mikono iliyofungwa vitambaa, akishindwa hata kushika kikombe, akinyweshwa chai na watoto wake.

Nawauliza, ndugu wageni waalikwa: mtoto aliyemnywesha mama yake chai, akikua akawa fundi mwashi, atatamani kufanya nini na ukuta kama huo?

Sasa nije kwa mgeni wetu wa siku ile. Mwalimu alikuwa amemwalika mtaalamu wa majengo ya kale, mama mmoja mfupi, mpole, aliyekuja na kinyundo kidogo cha mbao, nasi hatukukawia kumwita Mama Nyundo. Nadhani alisikia, hakuonyesha. Alipita ukutani akigonga na kutega sikio kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Alituita tusikilize. "Hapa mnasikia? Kumeitika. Na hapa?" Hapa hapakuitika. Palitoa mlio wa kitu kitupu. Akasogea, akagonga, kitupu. Akasogea tena. Sisi ambao mwanzo tulikuwa tukinong'ona na kukanyagana miguu, tulinyamaza mmoja mmoja bila kuambiwa.

Upande wa sakristia, chini ya dirisha la tatu, kulikuwa na ufa kwenye lipu ya saruji. Mama Nyundo akaingiza ncha ya patasi, akabana kidogo tu, na kipande cha saruji kikubwa kama trei kikadondoka chote kwa pamoja. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Maji yalichuruzika mpaka chini, polepole, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma mengi. Akachota chokaa ya kale kwa vidole viwili, ikavunjika kama unga uliomwagikiwa maji. Akavuta jiwe moja. Likatoka. Hakuhitaji nguvu, lilitoka kama jino la mtoto.

Ndipo akatueleza, na nitarudia kwa ufupi ili kila mtu aelewe. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa nje kupitia chokaa, taratibu, jua likiwaka. Unapumua. Chokaa ile ya kila mwaka, ile iliyounguza mikono ya bibi zetu, ndiyo iliyokuwa ngozi yake. Saruji haipitishi. Ukiuvika ukuta wa namna hiyo saruji, maji yanaingia kwa chini na hayatoki. Yanabaki ndani, yanaila chokaa, mwaka baada ya mwaka, huku nje mtu anaona uso laini, safi, usio na doa.

"Ukuta huu ulikuwa unapumua," akasema. "Ni nani aliyeuziba pumzi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza darasani, na mwenzangu mmoja akajibu kama tunavyojibu darasani, kwa haraka, kwa sababu alijua jibu. Alisema, "Ni baba yake huyu. Ndiye aliyepiga lipu."

Wote wakanitazama. Simlaumu mwenzangu, jibu lilikuwa sahihi.

Mama Nyundo akapitisha kiganja juu ya lipu iliyobaki. Akasema, "Baba yako ni fundi mzuri sana, binti. Tazama ilivyokaa. Fundi mbovu angeacha nyufa huku na huku, na ukuta ungepata pa kuhemea."

Nimeyasoma maneno mengi katika maisha yangu mafupi. Sijawahi kukutana na sifa iliyoniumiza kama hiyo.

Niliuliza swali moja tu. Niliuliza kama saruji ikibanduliwa yote, ukuta utapona. Akasema saruji imeshikamana na uso wa mawe, na ikibanduliwa itaondoka nao. Niliuliza kama tukiiacha. Akasema mvua za mwaka huu, au za mwaka ujao, lakini si zaidi. "Pole," akasema. Wahandisi walikuja baadaye na vyombo vyao, wakakaa siku kadhaa, wakasema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi.

Kabla hatujaondoka alituonyesha kitu cha mwisho. Pale saruji ilipodondokea, juu kidogo ya sehemu iliyolowa, chokaa ya kale ilikuwa bado ngumu, na juu yake kulikuwa na mistari. Tukadhani ni ya brashi. Akasema si brashi. Hizo ni alama za vidole. Walioujenga ukuta walisawazisha chokaa kwa mikono mitupu ikiwa bado mbichi. Alituruhusu tuweke vidole vyetu. Nikaweka vyangu. Havikuingia. Mimi si mkubwa, mnaniona, lakini vidole vilivyopita pale vilikuwa vidogo kuliko vyangu. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaanza kutoka, nikifikiri kwamba hiki ndicho kibao chao, hiki walichokiandika wenyewe bila kujua, na kwamba kama ukuta ungekuwa mzima nisingekiona kamwe. Nimekiona kwa sababu ukuta unakufa. Na kesho kitavunjwa pamoja na mengine. Baba Paroko alimwomba Mama Nyundo akikate kipande kile kihifadhiwe. Alijaribu. Kilimomonyoka mikononi mwake.

Mheshimiwa Diwani, wazazi wangu, sasa nataka kukumbusha jambo ambalo wengi wenu mlikuwepo lilipotokea, nami nilikuwa mtoto nimebebwa mabegani nipate kuona. Nataka kukumbusha jubilei ya kanisa hili.

Nani amesahau mifuko? Kila familia ilileta mfuko wake wa saruji, na mifuko haikupelekwa stoo. Ilipelekwa altareni, kwa maandamano, wakati wa matoleo, wanaume wakiibeba mabegani na suti zao zikigeuka kijivu, kwaya ikiimba mpaka mapaa yakaitika. Nampongeza Mzee Mwenyekiti, aliyebeba mfuko wa kwanza ilhali mgongo ulikuwa ukimsumbua, na akakataa kupokewa. Nawapongeza wajumbe wa kamati, ambao majina yao yamo kwenye kibao kipya cha jubilei, yote, pamoja na la mtunza viti. Nampongeza paroko wetu wa wakati ule, aliyeibariki mifuko kwa maji ya baraka mengi kiasi kwamba sista mmoja alimnong'oneza, "Baba, taratibu, itaganda," na kanisa zima likacheka mbele ya altare.

Na baba yangu akaitwa mbele. Wakati ule alikuwa akiitwa Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito ambayo waashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Aliitwa hivyo kwa sababu ukuta wake haukuhitaji kupimwa mara ya pili. Alipewa kipaza sauti, naye, kama mimi, hakuwa mtu wa kuongea. Alisema maneno machache tu. Alisema, "Ukuta huu nitauvika koti ambalo halitafuliwa tena. Kuanzia leo mama yangu hatachovya mikono kwenye chokaa kwa ajili ya ukuta wa mtu yeyote."

Mlipiga makofi. Mama zangu, mlisimama mkapiga vigelegele, na wengine mlilia. Mlikuwa na haki ya kulia. Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhuru, lakini nadhani siku ile ndiyo niliyouona: wanawake wakiambiwa kwamba kazi waliyotwishwa mama zao na watu wa mbali, imekwisha. Waliowatwisha hawakuwahi kuwaeleza kwamba kupaka kule ndiko kulikokuwa uhai wa ukuta. Waliwaambia ni ibada. Wangesema ni dawa, pengine tungetafuta glavu. Hawakusema, nasi tuliona mzigo, na mzigo tukautua.

Ndiyo maana nasema lilikuwa kosa ambalo wasingelifanya watu wengine isipokuwa sisi. Watu wasiolipenda kanisa hili wangeliacha lilivyo, na lingekuwa limesimama.

Uamuzi wa wahandisi ulipotangazwa, kulifanyika kikao katika darasa la katekisimu. Nilikwenda na mama, tukakaa nyuma. Kikao kilikuwa kirefu. Mengi yalisemwa, na katika hayo yote jina moja tu la mtu lilitajwa. Mzee wangu mmoja alisema, "Sisi tulitoa saruji tu. Fundi ndiye aliyepaswa kujua kazi yake." Wengine wakasema, "Kweli kabisa." Namshukuru mzee huyo kwa kusema waziwazi kile ambacho wengine walikisema njiani. Kwenye kibao cha jubilei jina la baba yangu halimo. Katika kikao kile lilikuwamo peke yake.

Sasa haitwi Timazi tena. Anaitwa Bwana Saruji. Watoto wanalisema jina hilo bila kujua lilikotoka. Wakubwa wanalisema kwa tabasamu. "Bwana Saruji, umeamkaje? Umeganda?" Jirani yetu aliyekuwa amemwita akamjengee jiko alikuja akasema, "Tumeahirisha kidogo, fundi," na juma lililofuata tukaona jiko linajengwa na mwingine. Baba alipita pale akatazama, akasema, "Amelipinda," akaendelea na njia yake. Hilo ndilo neno la mwisho la ufundi nililolisikia kutoka kwake.

Kila asubuhi bado anaamka, anavaa nguo za kazi, anafunga kamba za viatu, kisha anakaa kizingitini kwa sababu hana pa kwenda. Bibi alimfuata siku moja, akamwonyesha viganja vyake. Alimwambia, "Mwanangu, mikono hii ilipumzika. Hilo ulilolitaka ulilipata." Baba akavitazama viganja vile, akasema, "Kwa kanisa zima, mama?" Bibi akakaa karibu naye. Jibu la swali lile nimelitafuta vitabuni, mahali ambapo huwa natafuta kila kitu, na sijalipata.

Nilipomwambia baba kwamba nimechaguliwa kuzungumza hapa, alikuwa akifunga viatu. Akauliza, "Utasema nini?"

Nikasema, "Nitaeleza ziara, halafu nitashukuru."

"Utanitaja?"

"Unataka nisikutaje?"

Akamaliza kiatu cha kwanza, akashika cha pili. "Nitaje," akasema. "Lakini usinitetee."

Baba Askofu, nimejitahidi kumtii. Sijasema kwamba hakukosea. Alikosea, na kosa lake litachukuliwa na malori kesho. Mngetarajia niseme kwamba kanisa si kuta, kanisa ni watu, na kwamba tutajenga jingine. Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi hiyo, na Mwalimu aliipigia mstari wa kuipenda. Nimeifuta. Nilijaribu kuitamka mbele ya kioo nikashindwa, kwa sababu nikiwatazama watu, ambao ndio kanisa, namwona mmoja wao ameachwa kizingitini, na wengine wanapita wakimtania. Kama kanisa ni watu, basi nalo lina ufa, na sijui ni Mama Nyundo gani wa kutuambia kama litapona. Kuta tumezipoteza, hilo limekwisha. Sioni kwamba tumebaki na kitu kingine tulichokihifadhi vizuri zaidi.

Nilisema nina ombi moja. Ni hili.

Baba yangu ametuambia kwamba kesho mashine itakapoanza, atakuwa amesimama langoni. Mama alimsihi. Alimwambia, "Kwa nini ujitese? Unakwenda kuzomewa." Akajibu, "Nilikuwepo ukizibwa. Nitakuwepo ukianguka." Mama akaenda kumpigia pasi shati.

Ombi langu ni kwamba waliobeba mifuko waje. Sisemi mje kumpa pole, wala kumsamehe, wala kusema lolote. Mkisema lolote ataondoka. Njooni tu msimame. Ninyi mliopiga makofi, ninyi mliopiga vigelegele, ninyi ambao suti zenu zilichafuka, simameni pale langoni dakika chache, ili ukuta ukianguka usianguke mbele ya mtu mmoja kana kwamba ulikuwa wake peke yake.

Sitawadanganya kwamba natarajia mengi. Ombi hili nililipeleka kwa kamati juma lililopita, kwa heshima, nikiwa nimevaa sare ya shule. Nikajibiwa, "Binti, kesho yake ni siku ya kazi." Ni kweli. Kesho ni siku ya kazi. Naona baadhi yenu mnatazama chini, na mimi nawaelewa, kwa sababu hata mimi nikiona aibu hutazama chini.

Namshukuru Baba Askofu, namshukuru Baba Paroko, nawashukuru wageni wote na kamati iliyoniruhusu kusema. Namshukuru Mwalimu wangu wa historia, na naomba asiadhibiwe kwa hotuba hii, kwa sababu aliyoisoma yeye haikuwa hii.

Na wewe, Mwalimu Mkuu, naomba nikuambie hapa hapa kwa kuwa ofisini kwako nisingeweza kulitamka. Kesho asubuhi kidato chetu kina mtihani wa hisabati, ule unaohesabiwa katika matokeo ya mwisho wa mwaka. Naomba uandike kwamba sikuwepo. Nitakuwa langoni, upande wa kushoto wa baba yangu. Leo bibi ameletwa kwa gari, lakini kesho, amesema, miguu yake haitamfikisha, na mama amesema hawezi kutazama. Upande wake wa kulia hauna mtu.

Nawashukuru kwa utulivu mlionisikilizia.